Biskuti za Muhogo kwa Ajili ya Wakwe

Yai lilipasuka mkononi mwangu kabla sijaligonga kwenye ukingo wa bakuli. Kilichotoka hakikuwa cheupe wala cha njano. Kilikuwa cha kijivu, chepesi kama maji ya kuoshea sufuria, na ndani yake mlikuwa na uzi mweusi ambao sikutaka kujua ungekuja kuwa nini. Harufu ilichelewa kidogo, kisha ikafika na kukaa. Ilikaa kwenye unga, kwenye kanga niliyojifunga, kwenye nywele. Nilitoka nje, nikatema mate kando ya ukuta wa mabati, nikarudi na kumwaga donge zima kwenye shimo la taka. Mbwa wa jirani alikuja kunusa, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna yai lililoingia kwenye biskuti zetu.

Mayai ya Juba husafiri sana. Hutoka Uganda juu ya malori, hurukaruka njia nzima kutoka Nimule mpakani chini ya turubai lenye joto, kisha hukaa katika soko la Konyo Konyo kwenye trei zilizopandana mpaka atokee mnunuzi. Muuzaji huliinua moja, hulitikisa karibu na sikio lake, kisha karibu na sikio lako, na kukuapia kwamba ni zima. Nilikuwa nimeapiwa.

Biskuti zilikuwa za mdogo wangu wa kike, ambaye hawezi kula ngano. Si suala la kupenda au kutopenda. Akila kipande cha mkate, haupiti muda mrefu tumbo humsokota, hutapika, kisha huharisha mpaka macho yanazama. Tulipokuwa bado tunaishi Uganda, daktari mmoja wa Kampala alimpima damu, akamwambia kwamba utumbo wake na ngano havipatani na havitapatana. Maziwa nayo humvimbisha. Akaambiwa aache vyote viwili maisha yake yote. Tuliporudi nyumbani na kujenga kwenye kiwanja chetu huku New Site, tulirudi na ugonjwa huo, na shangazi yetu, dada wa baba aliyetulea, akaamua kwamba hautatajwa nje ya uzio.

Sasa, Krismasi ya Juba bila biskuti haipo. Mapema Desemba kila nyumba huanza kukanda unga wa ngano kwa sukari, samli na mayai, hupitisha donge kwenye mashine ndogo ya kuzungusha kwa mkono, na biskuti hutoka zikiwa vipande virefu vyenye mistari mgongoni. Sikukuu ikifika watu huzunguka nyumba kwa nyumba. Kila nyumba ina sahani, na kila sahani sharti uiguse. Anayekataa huulizwa ana neno gani na wenye nyumba.

Mdogo wangu alikuwa ameposwa na fundi seremala wa mtaa wa Hai Mauna. Kabla ya sikukuu, mama wa yule fundi alikuja na dada zake wawili kumwona binti. Shangazi aliwawekea biskuti za dukani. Mdogo wangu, kwa adabu, akala. Wageni hawajaaga, akanyanyuka na kutoka nje, na mmoja wa wale dada wa mama, aliyekuwa anatafuta choo, akamkuta ameinama nyuma ya choo hicho, kiganja kimoja ukutani, anatapika.

Habari ilifika Konyo Konyo kabla yangu. Niliisikia kwa mama anayeniuzia mboga, ambaye alinipa hongera kwa sauti ya chini huku akifunga bamia. Nilimuuliza hongera ya nini. Alinitazama kama mtu anayejua kwamba unajua. Binti wa New Site aliyeposwa Hai Mauna ana mimba, na bwana harusi ameapa kwamba hajamgusa. Nilisimama pale miguu ikiwa kwenye tope la maji ya samaki, nzi wakitembea juu ya bamia zangu, na sikujua lipi lilinichefua zaidi.

Baadaye mama wa fundi alituma neno kwamba watakuja tena siku inayofuata Krismasi, kusalimia tu. Hakuna aliyedanganyika. Walikuwa wanakuja kumtazama akila. Akila na kutulia, maneno yangekufa. Akikataa sahani, au akitoka nje tena, posa ingerudishwa, na binti aliyerudishiwa posa kwa sababu ya aina hiyo haulizwi tena na mtu wa maana. Mdogo wangu alimtaka yule mwanaume. Ninaliandika hili wazi kwa sababu katika mipango yote iliyofuata hakuna aliyemuuliza.

Mimi nilisema tuwaambie ukweli. Shangazi alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

“Mimba ina mwisho wake,” alisema. “Mtoto akizaliwa, watu husahau. Tumbo la huyu litaisha lini? Ukimwambia mama mkwe kwamba binti hali mkate, hali asida, hanywi maziwa, atasikia kitu kimoja tu. Atasikia mgonjwa.”

Basi ikabidi zitengenezwe biskuti ambazo mdogo wangu angeweza kula na ambazo kwa macho zingefanana na za kila mtu. Kazi hiyo nikapewa mimi, labda kwa kuwa ndimi niliyekuwa napiga kelele.

Ngano ilikuwa nje tangu mwanzo. Nilidhani mtama ungefaa, ule tunaouita dura, au mahindi, kwa sababu daktari hakuvikataza. Lakini kila alipokula asida, ule ugali wetu, ya unga wa sokoni alirudi kuumwa, na nilitaka kujua kwa nini, kwa hiyo nikapanda boda boda nikaenda kusimama karibu na mashine ya kusaga. Sikukaa sana. Mwanamke alimimina ngano yake, ikasagwa. Nyuma yake akaja mwenye dura, akamimina palepale. Nyuma yake mahindi, yenye wadudu wanaotembea, yakasagwa pamoja na wadudu wao. Kati ya mteja na mteja, msagaji alipiga ubavu wa mashine kwa kiganja, basi. Mdomo wa kutolea unga ulikuwa umefungwa mguu wa suruali ya zamani ili unga usiruke, na suruali ile ilikuwa imevimba ukoko wa kila kitu kilichowahi kupita humo. Jasho la msagaji lilidondoka kutoka kidevuni. Nilirudi nyumbani nikamwambia mdogo wangu kwamba nafaka zote nazo ziko nje, na kwamba hata mimi sijui kama nitakula tena asida.

Ukatubakia muhogo. Muhogo mkavu unauzwa kila mahali, lakini nilishauona unavyokaushwa. Huanikwa kando ya lami, mbuzi hupita juu yake na kuacha walichonacho, magari huupulizia moshi, na jioni hufagiliwa kwa ufagio uleule wa njia. Nilinunua muhogo mbichi. Tuliumenya, tukaukata vipande vyembamba, tukauanika juu ya paa chini ya chandarua kikuukuu kilichofuliwa. Ulipokatika kwa mlio mkavu, tuliutwanga wenyewe kwenye kinu tulichokisugua kwa mchanga na maji ya moto, tukauchekecha kwa kitambaa. Unga ulitoka mweupe sana, mwepesi, ukilia kidogo ukiufinya kati ya vidole. Tuliuweka kwenye ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Kwa harufu ulikuwa kitu safi kuliko vyote vilivyokuwa katika nyumba ile.

Karanga tulizikaanga na kuzisaga kwa chupa juu ya ubao. Simsim, yaani ufuta, vivyo hivyo. Badala ya yai, tuliponda ndizi mbivu ili donge lishikane, na ndizi mbivu Juba ina maana ya nzi. Wale wadogo wanaozunguka matunda walikuja kwa makundi na kufia ndani. Nilikuwa nawatoa kwa ncha ya kijiti, mmoja mmoja, na kila nikidhani nimemaliza naona bawa.

Kisha yakaja mafuta. Siagi na samli hazikuwezekana, na mafuta ya kupikia ya mtungi yalifanya biskuti zilegee. Mtu akamshauri shangazi mafuta ya lulu, yale yanayotokana na mbegu za mti wa porini. Yakitengenezwa vizuri hunukia karanga, nimeyala utotoni. Shangazi alileta ya kwenye kopo lililokatwa mdomo, ya kijivu, yaliyoganda. Nilipoyafungua niligeuza uso. Yalinuka beberu. Si mfano, ni beberu aliyesimama karibu, na moshi juu yake. Shangazi alisema moto utaondoa. Moto haukuondoa chochote, uliamsha. Biskuti za kwanza zilijaza nyumba harufu ile mpaka mapazia yakaishika, na nilipoitia mdomoni moja nilihisi kama nimelamba shingo ya mnyama. Mdogo wangu alitafuna yake yote, akameza, akanywa maji.

“Haiumi tumbo,” alisema. Kisha akaongeza, “Lakini afadhali niumwe.”

Tulicheka sana siku ile, sisi wawili, tumekaa sakafuni na mikono inayonuka. Shangazi alitukemea kwamba tunachezea maisha ya watu.

Kwa za pili nilitumia mafuta ya simsim, nikazidisha magadi. Zilikuwa na ladha ya sabuni ya kufulia na rangi ya kijani chini. Kuku wa nyuma ya nyumba walizidonoa, wakapangusa midomo mchangani.

Kulikuwa pia na suala la mistari. Biskuti ya Krismasi isiyo na mistari ya mashine si biskuti ya Krismasi, na mama wa fundi angeiona kutoka mlangoni. Mashine hiyo, ambayo watu huiita makana, ni ileile ya kusagia nyama, ila hubadilishwa kisahani cha mbele. Katika mtaa wetu ilikuwa moja, ya mama wa nyumba ya pembeni, na Desemba nzima ilitembea kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Ilipofika zamu yetu niliifungua yote kabla ya kuigusa na donge. Ndani ya mzunguko wa parafujo palikuwa na donge la ngano la nyumba tatu, moja juu ya jingine, la chini likiwa limeshakuwa jiwe la kahawia. Nilichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia. Chini ya ngano nikakuta mshipa wa nyama, mweusi, umekunjamana, na nyuma ya mshipa vifuko vya mayai ya mende. Niliyaweka yote juu ya gazeti na kumwita shangazi aje aone. Alitazama, akasema kwamba mwaka jana tulikula biskuti za mashine hiyohiyo na hakuna aliyekufa.

Niliirudisha mashine bila kuitumia. Mistari niliichora kwa meno ya uma mpya, moja baada ya nyingine, juu ya kila biskuti. Ukitazama haraka, hutofautishi.

Kuoka kwenyewe kulifanyika nyumbani. Kwa mwoka mikate wa mtaa trei husukumwa pamoja, na unga wa mmoja hudondokea wa mwingine. Nilimwaga mchanga uliooshwa chini ya sufuria kubwa, nikaweka mawe madogo, juu yake sahani ya bati yenye biskuti, nikafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Lazima ukae nayo. Ukiinua kifuniko vibaya, jivu huingia. Nilikaa nayo, macho yakitoka machozi, nikipima muda kwa pua tu.

Za tatu zilikubali. Sitasema zilikuwa nzuri. Mdomoni zilivunjika mara moja na kuwa kama mchanga uliotiwa sukari, zikagandamana kwenye meno, na mwishoni ndizi ilibaki kooni kama kitu kilichokataa kuondoka. Lakini mdogo wangu alizila asubuhi na jioni, siku kadhaa, na tumbo lake likanyamaza. Alianza kulala vizuri. Siku moja nilimkuta anajitazama kwenye kioo cha ukutani, ameshika biskuti kwa vidole viwili, anajizoeza kuila bila kukunja uso. Niliondoka kabla hajaniona. Nilichukia kila kitu, kioo, biskuti, wale wanawake watatu wa Hai Mauna waliokuwa wamemfanya mtu mzima ajizoeze kutafuna.

Siku ya Krismasi jirani yetu wa upande wa pili alikuja kuomba unga wa muhogo. Ni Mganda, ana kibanda cha chapati mbele ya nyumba yake, mtu mwema, mwenye sauti kubwa. Alikuwa na wageni kutoka kwao na alitaka kuchanganya muhogo na wimbi, apike ule ugali mweusi wanaoupenda. Mimi nilikuwa kanisani. Shangazi hakuona sababu ya kupima vikombe kwa jirani, akampa ndoo yote achote kiasi anachotaka. Jioni ndoo ilirudi imejaa, kifuniko kimefungwa, mahali pake palepale.

Asubuhi iliyofuata nilioka zile za wageni. Nilikanda na kushangaa. Donge lilishikana vizuri kuliko siku zote, lilivutika, halikupasuka pembeni, uma ulichora mistari safi. Nilidhani ni ndizi, kwamba safari hii nimepata zilizoiva sawasawa. Zilitoka za rangi ya dhahabu. Nilionja moja ikiwa moto, na ndiyo ya kwanza niliyoimeza bila kukunja uso. Nilimwambia shangazi kwamba hatimaye tumeshinda. Mdogo wangu alikuwa anavaa, hakuonja.

Wageni walifika wakiwa wamependeza, wamejitupia zile shuka zinazofungwa begani, wanapepea joto kwa leso. Mama wa fundi ni mwanamke mrefu, mtulivu, aliyekaa miaka mingi kwenye kambi nchini Kenya, Kiswahili chake kimenyooka. Alichagua kiti kinachotazamana na cha mdogo wangu. Yule dada yake aliyeona kilichotokea nyuma ya choo alikaa pembeni, na macho yake hayakupanda juu ya kiuno cha mdogo wangu tangu alipoingia. Yalitua pale kama nzi. Tulisalimiana, tukaulizana habari za mvua iliyopita na bei ya sukari. Shangazi alileta juisi, kisha sahani. Kila mmoja akachukua. Mdogo wangu akachukua yake, akaishika kwa vidole viwili, kama alivyofanya mbele ya kioo.

Hapo ndipo jirani akaingia, bila kubisha, na bakuli la mandazi, kutusalimu sikukuu. Aliwashika mikono wageni wote akipiga magoti kidogo kama ilivyo adabu ya kwao. Kisha akachukua biskuti kwenye sahani, akaing'ata, akaigeuza kuitazama.

“Aa, leo imekamata,” alisema, akinigeukia kwa furaha. “Si niliwaambia ile muhogo peke yake haina nguvu? Mimi siwezi rudisha ndoo ya mtu nusu, ni aibu. Niliwajazia na ngano yangu ya chapati, ile namba moja. Nikakoroga vizuri.”

Alikuwa anatutendea wema. Ndivyo wanavyofanya, na ndivyo hata sisi tunavyofanya, chombo cha jirani hukirudishi pungufu, unajazia ulichonacho. Alikaa kwenye mkeka akaanza kumweleza mmoja wa wageni jinsi ya kuchagua ngano.

Nilimtazama mdogo wangu. Biskuti ilikuwa imefika karibu na mdomo, imesimama hapo. Mama wa fundi alikuwa ameacha kutafuna.

Shangazi aliinama kana kwamba anaokota kitu, na karibu na sikio la mdogo wangu akasema kwa lugha yetu ya nyumbani, polepole, “Kula. Ni moja tu. Utaizuia mpaka waondoke.”

Nimeona mengi ya kutapisha katika maisha yangu, na katika wiki zile niliona mengi zaidi, lakini hakuna lililonipanda kooni kama sentensi ile. Aliyeisema alikuwa amemshika mtoto huyu kichwa usiku akitapika, mara nyingi, kwa mikono yake. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale anaomba nini. Alikuwa anatabasamu kwa wageni.

Mdogo wangu aliirudisha biskuti kwenye sahani. Aliipanga sawa na nyingine, akajifuta vidole kwa leso.

“Mama,” alimwambia mama wa fundi, kwa Kiswahili, “mimi sili ngano. Nikila natapika na kuharisha, tangu nikiwa mtoto. Siku ile mlipokuja nilikula kwa sababu niliogopa kuwakatalia. Sina mimba. Ni mkate.”

Shangazi alianza kusema kwamba binti anatania, kwamba vijana wa siku hizi, lakini hakuna aliyemgeukia.

Mama wa fundi aliuliza anatumia dawa gani. Mdogo wangu akasema hakuna dawa, ni kuacha tu. Akauliza kuhusu dura. Hiyo nayo hali, kwa sababu ya mashine ya kusaga. Mahindi. Hayo pia. Maziwa. Hapana. Kila jibu nililihisi kama kigae kinachotoka kwenye paa letu. Yule dada mtu alikuwa ameinua macho sasa, kwa mara ya kwanza siku hiyo, anamtazama mdogo wangu usoni.

“Na watoto?” mama wa fundi aliuliza. “Watazaliwa nalo?”

“Daktari alisema linaweza kuwafuata. Linaweza lisiwafuate. Sijui, mama.”

Mama wa fundi aliweka chini nusu ya biskuti yake. Alipangusa makombo mapajani, akayakusanya kiganjani, akakosa pa kuyatupa, akayashika hivyo.

“Kwa hiyo nimemtukana mwanangu bure,” alisema. “Tangu siku ile. Nimemwita mwongo mbele ya baba yake, chakula anaenda kula kwa watu. Na ninyi mlikuwa mmekaa hapa, mnajua.”

Hayo alimwambia shangazi. Shangazi alitazama mkeka. Alisema malesh, neno letu la Juba la kuomba radhi, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu kutosikika, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia akilisema bila kuwa amemkanyaga mtu mguu. Hakuna aliyelipokea.

Nzi walikuwa wameishukia sahani, wanatembea kwenye mistari ya uma, na hakuna aliyewafukuza. Nilijua kwamba sasa mama wa fundi atanyanyuka, atatikisa shuka yake, na kesho mjumbe ataleta maneno ya adabu kutoka kwa wanaume wa upande wao. Nilianza hata kumchukia kabla hajanyanyuka.

Yule dada mtu ndiye aliyecheka. Kicheko kifupi, puani. Alimwambia mama wa fundi jambo kwa lugha yao, mama akamkemea, naye akalirudia kwa Kiswahili ili tusikie sote. “Waambie za samaki.”

Mama wa fundi alifumba macho kidogo.

“Yule kijana,” alisema hatimaye, “akila samaki, uso unavimba. Midomo inakuwa hivi. Macho yanafungika. Mara moja kidogo tumzike. Tulipokuja kuposa, wazee walisema tusitaje, maana sisi ni watu wa mto, na mtu wa mto asiyekula samaki ni mtu gani, mtasema ana mkosi.” Alifungua kiganja, akayatazama makombo. “Basi nami nimekaa hapa, najua.”

Mdogo wangu alikuwa amesogea mbele kwenye kiti.

“Samaki gani, mama? Wote, au wale wa magamba tu?”

“Wote. Hata mchuzi wake. Hata sufuria ikipikiwa samaki asubuhi, mchana ikapikiwa nyama, anajikuna.”

“Na mafuta yaliyokaangiwa?”

“Hayo ndiyo mabaya zaidi.”

“Basi sufuria zitakuwa za kwake,” mdogo wangu alisema. “Na zangu za kwangu. Nani anampikia sasa? Anajua kuuliza akiwa ugenini, au anakula tu kwa aibu?”

Mama wa fundi alisema anakula tu kwa aibu, mpumbavu yule, ndivyo alivyo. Akavuta kiti chake mbele, kikakwaruza sementi. Wakaanza kuulizana, mmoja akitaja chakula, mwingine akisema ndiyo au hapana, kama watu wawili wanaopima kitambaa. Jirani aliniuliza kwa kunong'ona kama kuna kitu kibaya amefanya. Nilimwambia hapana, nikachukua sahani na nzi wake, nikaitoa nje.